Siku Niliyompaka Sheikh Wiski Ndevuni

Nianze na aibu yenyewe, maana mtaifikia tu: mie, mtu mzima wa miaka sabini na mbili, babu wa wajukuu kumi na moja, niliwapaka wiski ndevuni wanaume sita waliokuja kumposa mjukuu wangu, mmoja wao sheikh anayesalisha msikitini kwao, na niliwapaka kwa hiari yangu, huku najisifu. Sikulewa. Sikulazimishwa na mtu. Haya, nimeshasema, sasa tulieni niwaeleze ilivyokuwa.

Balaa lote lilitoka kwenye pua yangu. Katika ukoo wetu hapa Maskati mimi ndiye pua. Akitaka mtu kununua mafuta ya udi ya harusi, sharti anichukue mimi Matrah, na wale wauza udi wa pale sokoni wakiniona naingia huanza kurudisha vichupa fulani chini ya meza (vile vilivyochanganywa na mafuta ya kupikia), maana wanajua nitanusa mara moja na nitasema kwa sauti. Wajukuu wananiita Babu Pua. Mwanzo nilikasirika, baadaye nikalipenda jina, na hapo ndipo mtu anapoharibika, anapoanza kupenda sifa za kiungo kimoja cha mwili.

Na jengine lazima mlijue, ingawa halinipi raha kulisema. Ujanani nilikuwa nakunywa. Nilipotoka Unguja nikaja huku nilipata kazi ya kutunza stoo kwenye mradi wa umeme, mabwana wa pale Wazungu watupu, na mie kijana nisiye na baba wa kunikemea nikaiga, nikamliza mke wangu Zuwena miaka minne mizima. Niliacha siku ile binti yetu Moza, hajaanza hata kutembea, alipotambaa mpaka kwenye mapaja yangu, akanusa mdomo wangu, akageuka akatambaa kurudi kwa mama yake. Hakulia. Angalilia ningalisahau. Tangu siku hiyo sikunywa tena, na Moza mwenyewe sasa ana binti wa kuolewa, basi hesabuni wenyewe.

Huyo binti wa kuolewa ndiye Ilham. Ni mfamasia, mtoto mpole, asiyeomba kitu. Miaka miwili alikuwa anamsubiri kijana mmoja wa Qurayyat, Salim, na kijana naye anamsubiri yeye, na aliyesimama katikati ni babu yake Salim, Sheikh Hilal. Huyu mzee ndiye mwenye kauli kwao. Asipokubali yeye hakuna harusi. Na alikuwa na sifa ya kukataa. Mjukuu wake mmoja alikatazwa kuoa kwa sababu ami wa bibi harusi alipiga mluzi uani. Mwengine kwa sababu nyumba ya wakwe ilikuwa na kioo kikubwa mno ukumbini. Sasa akakubali kuja kututazama, Jumamosi, baada ya alasiri, nyumbani kwa Moza, Al Khuwair. Ilham aliniambia, "Babu, wewe ndiye msemaji wetu. Nakuomba uwe kama ulivyo." Maskini, hakujua anaomba nini.

Sasa, Jumamosi hiyo hiyo asubuhi nikapigiwa simu na Brendan. Brendan ni Muairishi, alikuwa mkuu wa karakana enzi zile za mradi wa umeme, sasa ana miaka themanini na huja Maskati kila msimu wa baridi kuota jua. Akanambia kwa Kiarabu chake kilichovunjika kila mahali, "Seif, nimeleta chupa. Imekaa pipani miaka ishirini na moja. Nakujua hunywi, sitaki unywe. Nataka pua yako tu. Njoo unuse."

Njoo unuse! Mtu mwenye akili angesema hapana, leo nna wageni. Mie nikajiambia, kunusa si kunywa, na udi wa wageni bado sijanunua, basi nitapita Matrah, nitapita na hotelini kwake, nusu saa tu. Nikamwambia Zuwena nakwenda Matrah kutafuta udi. Sikumdanganya (nilijiambia hivyo), nimepunguza tu maneno.

Baada ya adhuhuri nikavaa kabisa kanzu ya ugenini, nyeupe, mpya, pasi imenyooka, ili nisirudi nyumbani kubadilisha.

Brendan alikuwa kwenye baraza ya chumba chake hotelini, pamoja na wazee wenzake watatu wa kizungu, pua nyekundu zote nne. Akamimina kidogo, kidogo kabisa, kwenye gilasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, akanipa. Rangi yake kama asali ya milimani. Nikaipeleka puani kwa kishindo kama ninavyonusa udi, ikanipiga mpaka machozi yakanitoka, wazee wakacheka.

"Si hivyo, Seif," akasema Brendan. "Weka gilasi mbali kidogo. Fungua mdomo, nusa polepole."

Nikafungua mdomo kama samaki, nikanusa polepole. Jamani, nisiwafiche. Ilikuja zabibu kavu kwanza, halafu karafuu, halafu halua, ile halua nyeusi inapotolewa kwenye sufuria ya shaba bado ina moto, na nyuma yake nta ya nyuki na ngozi ya kiti kipya cha gari. Nikawa nakitaja kimoja kimoja. Wazee wakasogeza viti karibu. Mmoja akatoa kalamu akawa anaandika! Brendan akatia tone moja la maji, akasema nusa tena, na ikafunguka kama unavyofunguka udi kaa linapopata moto, ikatoka tangawizi na tufaha na kitu kama mbao zilizopata mvua.

Akanieleza inavyotengenezwa. Wanachukua shayiri ya aina mbili, nyengine imeoteshwa ikakaushwa, nyengine mbichi kama ilivyotoka shambani, na hiyo mbichi ndiyo inayoleta ule ukali wa viungo na ule ulaini wa mafuta mdomoni, kisha wanaichachusha, wanaipika kwenye mitungi mikubwa ya shaba, mvuke unapanda, unapoa, unadondoka, mara tatu, halafu inalazwa kwenye mapipa yaliyokuwa na mvinyo wa Uspania. Kila mwaka pipa linapungua, hewa inakunywa sehemu yake.

"Bwana," nikamwambia, "huku Jabal Akhdhar si ndivyo wanavyopika marashi ya waridi? Mtungi wa shaba, moto, mvuke, tone."

"Ndiyo hivyo hivyo!" akasema. "Ila nyie mnajipaka, sisi tunakunywa."

Wakacheka tena, na mie nikacheka, na sifa zikanipanda kichwani, kwa sababu sasa wale wazee walikuwa wananipa gilasi moja baada ya nyengine, "na hii je? na hii?" na mie nataja tu, mie Babu Pua, mwalimu wa Waairishi. Mwisho Brendan akanionyesha jambo: akatia tone kiganjani, akasugua mikono miwili, akasubiri, akaninusisha. Ule ukali ulikuwa umeruka wote, imebaki shayiri tupu, tamu, kama mkate wa ufuta unapofunikwa na kitambaa. Akanitia na mie tone kiganjani. Nikasugua, nikanusa.

Kisha, na hapa ndipo ninapoinamisha kichwa, nikagusa kiganja kwa ncha ya ulimi. Tone moja, hata tone halikutimia. Hakuna aliyeniona. Ilikuwa laini kama samli, kisha ikawaka kama pilipili manga, kisha ikakaa, ikakaa, ikakataa kuondoka.

Nilishituka na nafsi yangu. Nikawa nataka kuondoka mara moja, na katika ule mshituko mkono wangu ukafanya kitu bila kuniuliza. Mnakijua kile kishada cha kanzu zetu za Kiomani, kinachoning'inia hapa shingoni. Kazi yake ni kuchovywa manukato. Miaka hamsini, kila ninapopewa harufu nzuri, mkono unashika kishada, unachovya, unakiachia kifuani. Basi nikachovya, kwenye gilasi ya ile ya miaka ishirini na moja, mpaka nyuzi zikajaa. Brendan alidhani ni heshima ya kwetu, akanipigia makofi. Mie wala sikujua kama nimefanya, nnakwambieni ukweli, sikujua.

Simu ikalia. Zuwena. "Baba Moza, uko wapi? Wageni wameshapita Amerat, wako karibu kufika!"

"Nnakuja, nnakuja."

"Udi umepata?"

"Nnakuja," nikasema tena.

Matrah sikwenda. Nikaendesha moja kwa moja mpaka Al Khuwair, madirisha wazi, nikisoma istighfari njia nzima, na pua yangu hii mashuhuri ilikuwa imekufa ganzi kwa saa nzima ya kunusa, haikuweza kutambua hata moshi wa gari la mbele.

Niliwakuta wageni wameshaketi. Sheikh Hilal mzee mwembamba, ndevu nyeupe zimechanwa vizuri, amekaa kama rula. Yeye amezaliwa Tabora, Kiswahili chake cha bara, kizito kizito. Pembeni yake Salim, na ami yake Salim anaitwa Nasser, injinia aliyesoma Ulaya, na wanaume wengine watatu wa kwao. Upande wetu mkwe wangu Badri, mumewe Moza, anatoka jasho. Nikasalimia, nikakumbatia, nikakaa ubavuni kwa Sheikh. Mwanzo mazungumzo yalikuwa magumu, hali za wazee, hali ya barabara, kimya. Kikombe cha kahawa kinapigwa chini, tik.

Halafu Sheikh Hilal akageuza kichwa. Akavuta pumzi. Akaivuta tena.

"Sheikh Seif," akasema, "hii harufu ni yako?"

Nikadhani anasema mafuta ya udi niliyojipaka asubuhi. Nikajikuna kidevu kwa madaha. "Ni yangu, Sheikh. Ya zamani hiyo."

"Maashallah. Sijapata kunusa udi kama huu. Una utamu ndani, kama zabibu."

Zabibu. Nikakishika kishada, nikakileta puani, na pua ikaamka wakati huo huo, ilikuwa imelala muda wote ije kuamka hapo! Zabibu, karafuu, halua, ngozi ya kiti. Nyuzi bado mbichi.

Hapo ningaliweza kusema. Mlango ulikuwa wazi. Ningesema Sheikh samahani nnakwenda kubadilisha kanzu, basi, imekwisha. Lakini nikamtazama Badri, uso wake umechangamka kwa mara ya kwanza tangu niingie, na Salim anatabasamu, nikasema, "Ndiyo, Sheikh. Udi wa kuhifadhiwa huo. Umekaa miaka ishirini na moja."

"Miaka ishirini na moja!" Mzee akanyoosha mkono, akakishika kishada changu, akakikamua kwa vidole viwili, akajipaka ndevu. Kulia, kushoto, na chini ya kidevu. "Nyie watu wa visiwani mnajua kuishi, wallahi. Sisi wa Tabora tulikuwa tunajipaka vumbi. Haya, njooni, njooni nyote, msiwe na haya."

Wakaja. Mmoja mmoja wakaniinamia kifuani kama mie nna kisima, wakakamua, wakajipaka. Salim akajipaka. Wale watatu wakajipaka. Na mie (hapa msinitazame) niliwasaidia, niliwapaka kwa kidole changu, huku nasema "karibu, karibu, ule kweli wa zamani." Akaja Nasser injinia, akainama, akanusa, akainua macho akanitazama, macho makubwa kama visahani. Nikamtazama. Akakohoa. Nikampaka na yeye, nifanye nini?

Basi baraza ikageuka sherehe. Sheikh Hilal akaanza kusimulia mambo ya Tabora, akacheka mpaka kofia ikasogea, akasema nyumba hii ina watu, akamuuliza Badri lini inafaa kuandika ndoa. Lini inafaa! Nyuma ya pazia nikasikia kicheko cha wanawake kinazibwa kwa mikono, na sauti ya Ilham, "Hebu nyamazeni nisikie!"

Ndipo ikaadhiniwa magharibi. Msikiti uko nyumba ya tatu tu kutoka kwa Moza. Sheikh Hilal akaweka kikombe chini, akasimama, akapangusa ndevu zake.

"Twendeni, jamani. Mambo mengine tukirudi."

Akatangulia kuelekea mlangoni, kiatu kimoja mguuni tayari. Nikamtazama mgongo. Nikawaza, atasimama mbele ya Mola wake, atasujudu, na ndevu zina tembo nililomtia mie. Nikawaza tena, nikisema nimemvunjia Ilham miaka miwili. Nikaanza kujipa sababu: hajui, hana dhambi, wudhuu alishatia kwao. Kila sababu niliyojipa ilikuwa na sauti yangu ya ujanani, ile niliyokuwa nikimdanganyia Zuwena.

"Sheikh," nikasema. "Usende."

Akageuka.

"Kile nilichokupaka si udi."

"Ni nini?"

"Ni wiski." Ukumbi ukawa kama umezimwa. "Ya Ireland," nikaongeza. "Ile miaka ishirini na moja ni kweli." (Sijui kwa nini nilisema hivyo, kama kwamba umri wake utaisitiri.)

Mmoja wa wale watatu akajishika kidevu kama kaungua. Badri akakaa chini pale pale aliposimama. Sheikh Hilal akauliza taratibu, "Na wewe uliinywa?"

Hapa jibu jepesi lilikuwepo. Hapana, nilinusa tu. Hakuna aliyeniona, hata Brendan. Badri alikuwa ananitazama kwa macho ya kuniomba. Na nilijua Zuwena yuko nyuma ya pazia, anasikiliza.

"Niliionja," nikasema. "Tone, kwa ncha ya ulimi. Na ujanani nilikunywa sana, nikaacha, na leo nikaenda kunusa kwa ajili ya kusifiwa. Watoto hawana habari. Bibi yao nilimwambia nakwenda Matrah. Kosa ni langu peke yangu, Sheikh, usimhukumu nalo binti."

Akavua kile kiatu. Akasema, "Maji yako wapi?"

Mtanisamehe, lakini hata leo nikikumbuka nacheka peke yangu: wanaume sita wenye heshima zao wamepanga foleni kwenye bomba la uani, wameinama, wanasugua ndevu, na mie wa saba nimesimama na sabuni. Sabuni aliileta Zuwena, sabuni ya vyombo, ile ya kijani. Alinitilia mkononi bila kunitazama, akasema, "Waoshe vizuri," akarudi ndani. Nasser alipofika zamu yake akaninong'oneza, "Ami, miaka ishirini na moja kweli?" Nikamwambia, "Sugua, we."

Mimi nikavua kanzu nikavaa ya Badri, fupi, inafika nusu ya muundi. Sala ya jamaa msikitini ilikwishatupita, basi tukasali ukumbini, Sheikh Hilal akasalisha, na mie nikasimama safu ya nyuma peke yangu kama mtoto aliyekorofisha. Alipotoa salamu akakaa kwa muda, akawa anavuta uradi. Nikangoja aseme twende zetu.

Akageuka na mkeka wake, akanitazama mie, si Badri.

"Kabla sijaja," akasema, "niliuliza watu watatu habari za nyumba hii. Wote watatu wakaisifu tu, hakuna kasoro, hakuna doa. Mimi watu wakinisifia hivyo naogopa, najua kuna kitu kimefichwa. Usiku mzima nilikuwa natafuta sababu ya kukataa." Akajigusa ndevu, akazinusa vidole, sabuni tupu. "Sasa nimeambiwa kilichofichwa, tena na mwenyewe, nikiwa na kiatu kimoja mlangoni. Kitu gani kingine mtanificha? Haya. Andikeni ndoa."

Pazia likachanika kwa vigelegele.

"Lakini," akainua kidole, na vigelegele vikakatika, "siku ya harusi manukato nitaleta mimi kutoka Qurayyat. Na huyu bwana asimpake mtu kitu."

Ndivyo ilivyokuwa. Harusi imepita, Ilham na Salim wako kwao, wana furaha yao, na Sheikh Hilal kila Ijumaa hunipigia simu, na neno lake la kwanza ni, "Sheikh Seif, leo umenukia nini?" Zuwena hakusema nami siku tisa. Siku ya kumi akaniwekea chai mezani, akasema, "Ulimi tu?" Nikasema, "Ulimi tu." Akasema, "Nilikusikia ulivyomjibu." Akakaa tukanywa pamoja, na kwa siku hizi zangu zilizobaki sioni ninachotaka zaidi ya chai ile.

Brendan amerudi msimu huu. Ameniarifu ana chupa nyengine, kubwa kwa umri kuliko ile, nije ninuse tu. Nimemwambia aje yeye kwangu, kuna kahawa. Akaniuliza, kwani ile haikuwa nzuri? Nikamjibu ukweli, kwa sababu uwongo nimeuchoka. Ilikuwa nzuri, Brendan. Nzuri sana. Ndiyo maana siji.